Mashua aliifunga, sisi akatuacha chini ya bati

BARUA

Shikamoo Mama,

Naomba unisikilize hata kama barua yangu ni ndefu, maana hapa kwetu sina wa kumweleza haya asinicheke.

Mimi ni mke wa mvuvi, naishi Kilwa Kivinje, mtaa wa chini. Ukitoka mlango wa uani unapita minazi, unapita mikoko michache, unakuta maji. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, tumeiezeka bati. Nyuma yetu kuna kibanda cha makuti cha mama mkwe wangu. Tumembembeleza ahamie nyumba kubwa hataki, anasema bati lina joto na makelele. Nina watoto watatu, na wakati wa mambo ninayokueleza yule mdogo alikuwa bado ananyonya.

Unakikumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024. Tangu Mei Mosi redio haikuwa na habari nyingine, Mamlaka ya Hali ya Hewa wanataja Lindi, wanataja Mtwara, Pwani, mpaka Unguja. Ijumaa imamu naye akakumbusha baada ya swala. Wavuvi waliambiwa wasitoke, na mume wangu hakutoka, hilo nalisema kwa haki yake. Alikwenda pwani na vijana wake wakaipandisha mashua mpaka juu ya pale maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapoishia, wakaifunga kwenye minazi miwili, mashine na tanga akavileta ndani. Akarudi, akaoga, akala, akasema, "Haya, sasa ije hiyo mvua."

Nikamwambia, baba watoto, twende Nangurukuru kwa dada yangu. Si mbali, na dada ana nyumba ya matofali. Akacheka. Akasema mwaka 2019 na Kenneth tuliambiwa hivi hivi, Mtwara watu wakafunga shule, wakabeba magodoro, kimbunga kikaenda zake Msumbiji. Mwaka 2021 wakasema Jobo, kikafia baharini. "Hawa kazi yao kututisha. Mimi nikalale sebuleni kwa shemeji kwa ajili ya redio?" Mama mkwe naye akadakia. Yeye alikuwa mtoto mdogo Lindi mwaka 1952 kilipopiga kile kimbunga kikubwa. Akasema, "Kimbunga cha kweli nimekiona mimi, na nipo. Siku yako ikifika, haikutafuti Kivinje ikakukosa Nangurukuru."

Basi tukabaki. Nikajaza madumu, nikachemsha mihogo ya kesho, nikafunga vyeti vya watoto na kadi za kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, nikaufunga kiunoni chini ya kanga. Mama, kungoja kitu usichokiona ni adhabu. Kuanzia magharibi nilikaa mlangoni, kila upepo ukigeuka najiuliza, ndiyo wenyewe huu? Watoto niliwalaza na viatu miguuni. Simu inaleta klipu za nyumba zinapeperuka, sijui za nchi gani. Mume wangu anakoroma. Usiku wa manane bati la upande wa jikoni likaanza kunyanyuka na kupiga. Uani maji yakanifika vifundoni. Nikamwendea mama mkwe, nikamkuta kitandani na tasbihi, makuti yanavuja pande zote, hataki kutoka. Usiku kucha nikawa natembea kati ya nyumba mbili, huku watoto, kule mzee.

Kulipokucha mnazi mmoja ulikuwa chini na jikoni halina paa. Nyumba imesimama. Mume wangu akatoka na mswaki mdomoni, akaniuliza, "Enhe, yuko wapi huyo Hidaya wako?"

Tangu siku ile jina langu ni Bi Hidaya. Wifi zangu wananiita hivyo, watoto wa jirani, hadi muuza maandazi. Ingawa barabara ilipokatika kule Somanga na sukari ikaadimika, wote waliijua njia ya kuja kuazima kwa Bi Hidaya.

Desemba ya mwaka huo huo tukasikia Chido. Nikaomba tena tuondoke, mume akanigombeza mbele ya wenzake wa bao, wakacheka hadi wakashika mbavu. Nacho kikaenda Msumbiji. Sasa nimekuwa mtu wa ajabu: hata upepo wa kusi wa kila mwaka ukitikisa bati usiku naamka moyo unadunda, naanza kukusanya vitu gizani.

Nauliza, Mama. Kikija kingine, naweza kubeba watoto nikaondoka bila idhini ya mume? Mama mkwe nimwache? Au kweli ni mimi mwoga, nijifunze kutulia kama wenzangu? Na usicheke: mama mkwe ana kuku na mbuzi wawili, anasema pasipo wao haendi popote.

Bi Hidaya, Kilwa Kivinje

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nilipofika kwenye mashua nikasimama. Umeitaja kama jambo la kupita, kwa kumsifu mumeo, lakini mimi naona kesi yako yote iko pale. Mtu asiyeamini tangazo hapandishi chombo juu ya mstari wa bamvua. Hakifungi kwenye minazi miwili. Habebi mashine begani. Mumeo aliamini kila neno lililotoka redioni, akatoa jasho kwa ajili yake. Alilinda mali kwanza, kisha mke, watoto na mama yake mzazi akawaacha chini ya bati lililopigiliwa kwenye miti na udongo, akalala.

Sisemi kwamba anapenda mbao kuliko wanawe. Kufunga mashua hakuna anayekucheka. Mvuvi mwenzako akikuona anakusaidia kuvuta kamba. Kubeba mke na mzee na mbuzi kwenda kulala kwa shemeji, halafu asubuhi jua likatoka, hapo kijiwe kizima kitapata maneno ya mwaka. Mumeo anakikimbia kicheko. Wewe kicheko umeshakimeza, jina umeshapewa, na ukaendelea kuishi. Yeye bado hajakionja, na anakiogopa kuliko upepo. Kwa hiyo usimshindanishe na kimbunga, na usimwombe mbele ya watu wa bao, maana hapo hata akitaka kukubali hawezi. Mtafute faragha, siku ya jua, tumbo limeshiba. Mwambie maneno machache: ulivyoifanyia mashua ndivyo ninavyotaka utufanyie na sisi. Kisha nyamaza umwache ayatafune.

Atakuletea Kenneth. Mwache amalize, halafu muulize Kenneth ilikwenda wapi. "Ilienda zake Msumbiji" anasema, kana kwamba Msumbiji ni bahari tupu. Ilipita kaskazini ya Ngazija tarehe 24 Aprili 2019, na kesho yake ikatua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kwa Wamakonde na Wamwani ambao nusu ya ndugu zao wako Mtwara. Zaidi ya watu arobaini walikufa. Kisiwani Ibo nyumba nyingi zilibaki kuta. Waliobeba magodoro Mtwara hawakudanganywa na mtu. Wanaotabiri hawawezi kuchora njia ya kimbunga kama mstari wa rula. Wanatoa eneo, na siku zikiwa bado nyingi eneo hilo ni pana, linaweza kuchukua Lindi, Mtwara na Cabo Delgado kwa pamoja. Kilichotua kwa jirani kilikuwa ndicho hicho hicho kilichotangazwa kwako.

Na ni kweli, huku kwetu havifiki mara nyingi. Kimbunga hujizungusha kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msaada huo ni hafifu; ndiyo maana mtu wa Mombasa anaweza kuzeeka asikione. Madagaska nayo inakaa mbele ikipokea vingi. Lakini ncha yake ya kaskazini iko nyuzi 12 kusini, Mtwara iko kwenye nyuzi 10, Kilwa karibu na 9. Kinachopita juu ya ile ncha kinaikuta bahari wazi mpaka mlangoni kwenu. Tarehe 15 Aprili 1872 kilifika Unguja kikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba na kuvunja majahazi bandarini, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Cha Lindi cha 1952 nacho kilikuja Aprili. Miaka themanini katikati, kutoka tufani kubwa moja hadi nyingine! Mtu mwenye umri wa mumeo anaweza kusema kwa kiapo kwamba hajawahi kuona, akawa hasemi uongo, na bado asiwe amethibitisha chochote.

Sasa nikupe hoja ambayo naamini itamwingia, kwa sababu ni ya fani yake. Usiende nayo kama unamfundisha. Muulize tu, kama mtu asiyejua. Muulize Hidaya ilifika mwezi ngapi wa mwandamo. Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili mwaka ule, kwa hiyo ile Ijumaa ya tarehe 3 Mei ilikuwa Mfungo Mosi 24. Maji mafu. Bahari ilikuwa inajaa kivivu na kutoka kivivu. Kenneth nayo, siku ile ilipotua, mwezi ulikuwa umebakiza nusu, maji mafu vile vile. Yeye anajua kuliko mimi na wewe kwamba pwani yetu siku za bamvua kubwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na anajua yanapoishia nyuma ya nyumba yenu. Kimbunga kinapokaribia nchi kavu kinasukuma bahari mbele yake na kuinyanyua, juu ya kiwango ambacho maji yangefika siku hiyo. Kikija na maji mafu una nafasi. Kikija na bamvua, saa ya maji kujaa, ile nafasi haipo, na mikoko michache ya nyuma ya uani haitatosha. Chido iliipiga Mayotte, kisiwa cha Wafaransa jirani na Komoro, tarehe 14 Desemba 2024, na mwezi ukapevuka kesho yake, tarehe 15, siku ambayo kimbunga kilikuwa kinaingia Cabo Delgado. Hizo ni siku za bamvua. Acha apige hesabu mwenyewe kama Chido ingekunja kaskazini kidogo.

Mayotte yenyewe nitaitaja kwa ufupi, maana inauma. Upepo ulizidi kilomita 200 kwa saa. Vibanda vya bati vilivyojazana vilimani vilifagiliwa, na ndani yake walikuwemo watu waliobaki makusudi, wengi wao watu wa Komoro wasio na karatasi, waliohofia kwamba kwenye makazi ya dharura watakamatwa. Kila mahali anayebaki nyumbani ana sababu yake, na machoni pake ni sababu nzuri.

Tuje kwa mama mkwe. Usibishane naye kuhusu kadari, utashindwa, na hata ukishinda utakuwa umemkosea adabu. Kama kuna neno la dini la kusemwa, la kumfunga ngamia kwanza ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu, aliseme imamu wenu, si wewe mkamwana. Wewe kaa naye jioni moja umsuke nywele, umwombe akusimulie 1952 kutoka mwanzo. Walikuwa nyumba gani. Nani aliwachukua. Walilala wapi usiku ule, walikula nini kesho yake, nani hakuonekana tena. Amelitumia lile tukio kama ngao kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba alisimulie. Mtoto mdogo hajiokoi peke yake kwenye kimbunga. Kuna mtu mzima alimbeba au alimshika mkono, akaamua kwa niaba yake. Sijui atakusimulia nini. Lakini wakati anasimulia, mumeo awepo.

Maswali yako sasa.

La idhini. Ukiwa na watoto wadogo, na Mamlaka wametangaza tahadhari kubwa kwa mkoa wako, na nyumba ni ya udongo karibu na maji, ondoka. Kuokoa nafsi hakungojei ruhusa, na sijui shehe atakayekuambia vinginevyo. Ukitaka moyo utulie muulize wa hapo mtaani kabla ya msimu. Lakini ningependa usifike huko. Mwanamke anayetoroka na watoto usiku wa mvua yuko barabarani saa mbaya kuliko zote, na akirudi anaikuta ndoa ina ufa. Idhini iombe sasa, mbingu ikiwa nyeupe. Msimu wa vimbunga upande wetu wa Bahari ya Hindi ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na Hidaya imetuonyesha kwamba Mei nayo huingia. Kabla ya Novemba mkae, wewe, yeye na mama yake, mkubaliane jambo moja tu: dalili gani ikionekana tunatoka, bila mjadala.

Dalili isiwe upepo. Ukiusubiri upepo mkali umechelewa. Chukueni rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ni rahisi hata kwa mtoto: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa njano yeye apandishe mashua yake kama kawaida na wewe ujaze madumu. Kwa chungwa vitu viwe mlangoni, dada amepigiwa simu, mama mkwe ameingia nyumba kubwa hata kama bati lina kelele. Kwa nyekundu mnaondoka, na mnaondoka kabla ya alasiri, hata kama jua linawaka. Hasa kama jua linawaka! Mbele ya kimbunga anga huweza kuwa shwari, na hapo ndipo mumeo atasema "unaona?" Kama mmeshakubaliana, hatakuwa na la kusema, atabeba begi.

Lililoniumiza mimi katika ile barua ni ule usiku wa mlangoni. Ulikuwa unangoja jambo lisilo na mwisho, kwa sababu hapakuwa na makubaliano: hujui utaondoka lini, hujui utabaki hadi lini, kila upepo ukigeuka unaamua upya, peke yako, na mtu anakoroma. Uoga hautoki hapo. Hapo unatoka uchovu wa kuamua mambo mia usiku mmoja. Mkiwa na dalili na saa, uamuzi umeshafanywa na watu watatu mchana, kinachobaki ni kazi ya mikono.

Ikitokea mmezidiwa, mmebaki, basi sikiliza. Usitembee tena kati ya nyumba mbili. Usiku ule bati la jikoni kwako liliruka. Lingekukuta uani, tusingekuwa tunaandikiana. Watu wote chumba kimoja kabla ya magharibi, kile cha ndani, mbali na madirisha na mbali na upande wenye minazi. Umeme uzimwe kwenye swichi kubwa. Ukuta wa udongo unaliwa na maji kuanzia chini, na usiku mmoja wa maji ya vifundoni unaweza kuulegeza. Maji yakianza kuingia ndani nyumba hiyo si ya kukaliwa, hameni kwa jirani mwenye nyumba ya saruji kabla hayajafika magotini. Jirani huyo mzungumze naye leo. Wala msikimbilie kwenye yale majumba ya zamani ya Wajerumani hapo Kivinje. Kuta zake ni nene lakini zimechoka, na nyingi hazina cha kuzishikilia juu.

Kuna jambo moja la kumwambia mumeo kwa msisitizo. Kimbunga kina jicho. Likipita juu yenu upepo unakatika ghafla, kimya, pengine nyota zinaonekana, na kila mvuvi duniani hapo anataka kutoka akaangalie chombo chake. Asitoke. Utulivu huo unaweza kuwa wa nusu saa au zaidi, halafu upepo unarudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili, na kilichokuwa kimeegemea huku kinaangushwa kule.

Simu nayo. Usiku ule klipu zilikutesa zaidi ya mvua. Chagua saa za redio, taarifa ya jioni na ya usiku, kati ya hapo zima data, utunze na chaji. Klipu ya nyumba inayopeperuka nchi usiyoijua haikuambii chochote kuhusu Kivinje. Watoto uwaambie ukweli kwa lugha yao na kila mmoja umpe kitu cha kulinda: mmoja tochi, mwingine dumu dogo.

Kabla ya msimu, mumeo na mafundo yake ya kibaharia ana kazi nyumbani. Kenchi zifungwe kwa waya kwenye nguzo za ukuta, zisitegemee misumari peke yake, maana upepo haulikandamizi bati, unalivuta juu. Paa la jikoni mlirudishie hivyo hivyo. Mnazi uliokauka au ulioinamia nyumba ukatwe. Kazi hii atakubali bila ugomvi, naamini, kwa kuwa inafanana na ile ya mashua.

Na kisima: baada ya mafuriko maji yake msiyanywe mpaka yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana meupe. Uani, vyoo na visima vinakuwa kitu kimoja.

Unaniuliza kama wewe ni mwoga. Mwoga hajazi madumu. Lakini hilo la kuamka na moyo unaodunda kila kusi likitikisa bati, miezi na miezi, nalichukulia kwa uzito. Mwili wako bado uko mlangoni usiku ule. Kwa watu wengi hupungua wakishapata mpango na mtu wa kulala macho kwa zamu. Usiku wa upepo wa kawaida mwombe mumeo akae nawe robo saa tu, azungushe tochi juu ya paa, akwambie, "Hii ni kusi." Yeye ndiye mwenye kujua pepo, elimu yake hiyo aitumie kukutuliza badala ya kukucheka. Usipoona nafuu, ukawa huli, hulali, mtoto unamkemea bila sababu, nenda kituo cha afya umweleze muuguzi hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Si wazimu, na kuna msaada.

Jina la Bi Hidaya usiligombanie. Wanaokuita hivyo ndio waliokuja na vikombe vya kuazima sukari, na kikija kingine watakuja tena kuuliza redio imesemaje. Nawe uwajibu.

Kuhusu kuku na mbuzi, sikucheka. Kwa mzee hiyo ndiyo mali yake yote, na kumwambia aiache ni kumwambia haina thamani. Kuku wanaingia kwenye tenga mbili, wawekwe humo usiku wa kuamkia safari wakiwa bado wamelala, mchana hutawakamata. Mbuzi wawili hawapandi bodaboda na mzee, kwa hiyo mtafuteni mwenye bajaji ya mizigo au kirikuu sasa hivi, mkubaliane bei ya kwenda Nangurukuru siku ya tahadhari, na mumpe kitu kidogo mkononi ajue hamtanii. Siku yenyewe kila mtu atamtaka, na bei atakayotaja hapo mtashindwa kuilipa. Mbuzi watangulie asubuhi. Mama mkwe akishaona wamekwenda, kumpandisha yeye itakuwa kazi nyepesi. Dada yako mwulize kama ana pa kuwafungia.